Nzito au Nyepesi? Kuchagua Oili ya Gari Lako Mwembe Tayari

Simama kwenye kaunta ya duka lolote la spea Mwembe Tayari, Mombasa, sema unataka oili ya gari, na swali la kwanza litakuwa: "Nzito au nyepesi?" Mwenye duka hana nia mbaya. Nyuma yako kuna dereva wa tuktuk, kuna utingo wa matatu aliyetumwa mbio, na mwenye duka anataka tu kujua mkono wake uende rafu ipi. Ila swali hilo halitoshi. Ukilijibu, ukalipa, ukaondoka, kuna mambo mawili makubwa hujayagusa: injini yako iliundwa itumie oili gani, na oili uliyopewa imepasi kipimo cha miaka ipi.

Maelezo haya ni ya mwenye gari dogo la kawaida, hasa lile lililokuja kutoka Japani likiwa limetumika, linaloshinda kisiwani, likivuka feri ya Likoni, na mara moja moja likaenda Malindi au Nairobi. Wenye malori na mabasi wana mafundi wao na hesabu zao.

Hoja ya joto

Utaisikia kwa mafundi wengi wa Pwani, tena mafundi wazuri: Mombasa kuna joto, joto hulainisha oili, basi tia 20W-50 ulale usingizi. Hoja yenyewe inaingia akilini, ndiyo maana imedumu. Lakini injini haiishi nje. Themostati hulinda maji ya injini yakae kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, gari liwe Mwembe Tayari saa nane mchana mwezi wa Machi au liwe Limuru kwenye ukungu wa Julai. Oili nayo, injini ikishashika moto, hukaa kwenye nyuzi 90 hadi 110 hivi. Zile nyuzi 10 au 15 tunazowazidi watu wa bara huishia kwenye rejeta. Kwenye beringi hazifiki.

Pahali joto letu linapouma kweli ni kwenye msongamano. Gari likikwama Saba Saba na AC imewashwa, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta ila ule wa feni. Feni ikiwa imechoka, au rejeta imeziba kwa vumbi na kuliwa na chumvi, joto la oili hupanda na oili hulainika kupita kiasi. Tibu feni, safisha rejeta. Ukikimbilia oili nzito hapo umefunika ugonjwa, na utakurudia ukiwa Mtito Andei.

Namba mbili na herufi moja

Chukua kopo lililoandikwa 5W-30. Hizo ni namba za SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanza kupanga uzito wa oili mwaka 1911. Herufi W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyokuwa injini ikiwa baridi: oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya nyuma inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100, yaani injini ikiwa kazini. Oili ya 30 lazima iangukie kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40, kati ya 12.5 na 16.3, ya 50, kati ya 16.3 na 21.9. Kwa hiyo 5W-40 na 20W-40 injini ikiwa moto ni karibu kitu kimoja, na 5W-30 si "nyepesi" namna watu wanavyodhani. Ni nyepesi asubuhi, na ikipata moto inafanya kazi ya 30.

Utasema, basi Mombasa hiyo namba ya baridi ina faida gani, nasi usiku wa Julai hatushuki sana chini ya nyuzi 20? Ina faida, ila ndogo kuliko kwenye baridi ya Hokkaido, Japani. Kwenye nyuzi 40 oili ya 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Kwenye nyuzi 25 za alfajiri mwachano unazidi. Pampu inayoisukuma ile nzito kupanda hadi kwenye kemshafti ni kama mtu anayevuta uji kwa mrija wa soda: itafika, lakini si upesi. Na injini hulika zaidi katika sekunde hizo za mwanzo, kabla oili haijaenea. Gari linalowashwa mara nane kwa siku, kutoka nyumbani hadi shule, hadi sokoni, hadi msikitini, hadi kazini, lina alfajiri nyingi kwa siku moja.

Kwenye injini za kisasa kuna jambo jingine. Toyota yenye maandishi ya VVT-i huigeuza saa ya kufunguka kwa valvu kwa kutumia oili yenyewe kama mkono wa kusukuma. Oili hupita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo cha waya kabla ya kuifikia hiyo mashine. Mtengenezaji alivipima vijitundu hivyo akiwa na oili fulani mkononi. Ukitia iliyo nzito sana, mashine hujibu kwa kuchelewa, gari huwa zito kuondoka, mafuta ya petroli huisha mapema, na baadhi ya magari huwasha taa ya injini. Hapo unauziwa sensa, kisha unauziwa plagi, na kosa liko kwenye oili.

Mbona basi fundi anaipenda nzito? Kwa sababu injini iliyochoka hutulia akiitia. Kelele hupungua, taa ya presha hukoma kupepesa, moshi hupungua kwa wiki mbili tatu, mteja anafurahi. Madalali wa magari wanalijua hilo vizuri. Ukienda kununua gari lililotumika hapa hapa nchini, chomoa stiki ya oili na uitazame inavyochuruzika. Ukiona Vitz ya cc 1000 ina oili inayoning'inia kama asali na muuzaji anakwambia "ni service mpya tu", muulize kwa nini alichagua hiyo.

Kitabu cha Kijapani na kibandiko cha mlangoni

Jibu la oili gani liko ndani ya gari lako kabla halijawa dukani. Gari likitoka Japani huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Usikitupe. Maandishi hutayasoma, lakini namba ni zetu sote: pekua kurasa za mwisho mwisho utafute 0W-20, 5W-30, na pembeni yake lita, kwa mfano 3.4 au 3.7. Mara nyingi kuna vipimo viwili. Kikubwa ni cha mtu anayebadilisha na filta. Kama kitabu hakipo, fungua boneti usome kifuniko cha kutilia oili, magari mengi yameandikwa uzito juu yake.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hukibandua siku ya kwanza gari likifika carwash. Ni kile kibandiko kidogo kwenye ukingo wa mlango wa dereva au ndani ya boneti, kilichowekwa na gereji ya Japani siku ya mwisho ya kubadilisha oili. Kina tarehe na kilomita. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwaka wenyewe mara nyingi ni wa enzi za wafalme wao. Ukiona 30.6.12, hiyo ni Heisei 30, nawe ongeza 1988: ni tarehe 12 Juni 2018. Ukiona 5.3.20 ni Reiwa 5, ongeza 2018: Machi 20, 2023. Linganisha kilomita za kibandiko na zile za dashibodi. Gari lililosoma 92,000 mwaka 2018 halafu limefika bandarini Kilindini likisoma 61,000 limekupa habari bure. Na kama nafasi kati ya kibandiko na kibandiko ni kilomita 15,000, jua injini imelelewa kwa njaa ya oili safi, na ringi zake huenda zimeganda masizi.

Usishtuke Wajapani wakiandika 0W-20 kwenye injini ambayo kitabu cha nchi nyingine kimeiruhusu 5W-30, 10W-30 na hata 15W-40. Ni injini ileile. Oili nyepesi huokoa mafuta kidogo, na Japani, kama Marekani, wana vipimo vya serikali vya ulaji wa mafuta ambavyo kila kampuni inataka kuvipasi vizuri. Vitabu vya Toyota vya nchi za joto huwa na jedwali lenye vipimo vya hali ya hewa na oili kadhaa zinazoruhusiwa. Maana yake ni kwamba una nafasi ya kuchezea, ila nafasi yenyewe ina mipaka.

Gari lako ni lipi?

Tuanze na injini iliyoenea mno Mombasa, 1NZ ya cc 1500. Imo kwenye Probox, kwenye Fielder na Axio za miaka ya nyuma, kwenye Vitz kubwa na kwenye Ractis. Inakula lita 3.7 hivi ukibadilisha na filta. Kwa injini hii, ikiwa nzima, mimi natia 5W-30 na sioni haja ya kubishana. Ikishapita kilomita laki mbili na ikaanza kula oili, tuseme nusu lita kila kilomita 1,000, panda hadi 5W-40 au 10W-40 uangalie. Ikizidi hapo, tatizo ni ringi au sili za valvu, na hakuna kopo litakaloziziba. Probox la mzigo linalopanda kutoka Mombasa hadi Mariakani limejaa hadi dirishani nalo linastahili 40, hata likiwa bado zima, kwa sababu oili yake inachemka kweli.

Hybridi, iwe Aqua, Fielder au Fit, kaa karibu na kitabu: 0W-20, na ukiikosa, 5W-30 si dhambi. Usiende 40. Injini ya hybridi huzima na kuwaka yenyewe njiani, mara nyingine haijapata moto sawasawa, na wepesi wa oili ndio unaoiokoa. Demio za petroli za Skyactiv na Nissan Note zitendee vivyo hivyo.

Sasa Mazda za dizeli, Demio ya 1.5 na CX-5 ya 2.2. Hizi zimewaliza watu. Zina chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF, na oili ya kawaida ya dizeli ikiungua huacha majivu yasiyotoka tena humo. Tafuta kopo lililoandikwa JASO DL-1 au ACEA C3, uzito 0W-30 au 5W-30. Usikubali 15W-40 ya lori hata ukiambiwa ni ya dizeli na hii ni dizeli. Halafu kuna jambo ambalo mtu aliyezoea Toyota halitegemei: kwenye gari hizi oili inaweza kuongezeka. Chujio linapojisafisha, dizeli ya ziada humwagwa ndani ya silinda, na nyingine hushuka hadi kwenye sampu. Ukienda safari fupi fupi tu, Mwembe Tayari hadi Tudor na kurudi, kujisafisha hakumaliziki na dizeli inazidi kujaa. Stiki ya oili ya Mazda hizo ina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika kwenye X, badilisha siku hiyo hiyo, kilomita ziwe zimebaki au hazijabaki. Mtu anayeishi kisiwani na safari yake ndefu ni ya Nyali, kwa maoni yangu, asinunue dizeli yenye DPF.

Hiace na Caravan za dizeli za miaka ya nyuma, zisizo na chujio hilo, hazina makuu: 15W-40 yenye herufi CI-4 au mpya kuliko hiyo. Oili yake itakuwa nyeusi ndani ya siku chache. Hiyo ni kazi yake, inabeba masizi yasigande kwenye injini. Weusi peke yake si dalili ya kuisha.

Na tuktuk, na bodaboda. Hapa 20W-50 iko kwao kabisa, lakini si ile ya gari. Kwenye pikipiki nyingi na tuktuk nyingi za petroli, klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za gari za siku hizi, hasa nyepesi, zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Tafuta JASO MA au MA2 kwenye kopo. Ukisikia tuktuk inalia juu lakini haiendi ikipanda daraja la Nyali, uliza kwanza ilitiwa oili gani.

Geuza kopo usome nyuma

Uzito ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Za petroli huanza na S, za dizeli na C, na herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kipimo kinavyokuwa kipya na kigumu zaidi. SJ ni ya miaka ya 1990, SL ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Mpya hufanya kazi kwenye injini ya zamani; ya zamani haifai kwenye injini mpya. API yenyewe inasema oili ya SF haifai kwa injini nyingi zilizoundwa baada ya 1988, na SG baada ya 1993. Ukikuta kopo la bei ya chini limeandikwa 20W-50 kwa herufi kubwa za dhahabu mbele, na nyuma kwa herufi za sisimizi SF/CC, umeshika oili ya gari lililoundwa kabla ya wengi wa madereva wa Mombasa kuzaliwa. Si lazima iwe feki. Ni halali kabisa, ila si yako.

Mazungumzo yenyewe dukani hayachukui dakika mbili:

"Ami, nataka oili ya Fielder, 5W-30."

"Ipo. Wataka ya kopo au ya kupima?"

"Ya kopo, Ami. Na iwe SN kwenda mbele."

"SN ndiyo nini tena, mwanangu? Oili ni oili."

"Iko hapo nyuma, nigeuzie niangalie."

Akigeuza na wewe ukasoma, safari ijayo atakutolea ya sawa bila kuulizwa. Wenye maduka ya Mwembe Tayari wana kumbukumbu ya ajabu ya wateja wasumbufu, na kwa oili ni vyema uwe mmoja wao.

Kuhusu neno sintetiki, usilipe pesa nyingi kwa ajili ya neno peke yake. Mwaka 1999 kampuni mbili kubwa, Mobil na Castrol, zilivutana mbele ya chombo cha Marekani cha kuchunguza matangazo juu ya oili gani inaruhusiwa kuitwa sintetiki. Castrol ikashinda, na tangu hapo hata oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa sana inauzwa kwa jina hilo. Kwa hali zetu, faida ya sintetiki ni kwamba inavumilia msongamano wa moto muda mrefu zaidi bila kuganda. Kwa gari la turbo, kwa hybridi na kwa Mazda zile za dizeli, lipa. Kwa Probox inayobadilishwa oili kila kilomita 5,000 bila kukosa, ya kawaida au nusu sintetiki yenye herufi sahihi inatosha.

Oili ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa, ina wateja wake, na si kila pipa ni la wizi. Ila ukinunua ya kupima unanunua neno la mtu, maana pipa lenye jina kubwa laweza kuwa lilijazwa mara nyingi. Kwa gari unalolitegemea, chukua kopo lililofungwa. Angalia pete ya kifuniko kama imekatika, angalia karatasi ya fedha chini ya kifuniko, na angalia kama namba ya toleo imechapwa kwenye plastiki yenyewe au imebandikwa. Bidhaa iliyoundwa nchini inatakiwa iwe na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye namba ya kibali. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Ya kutoka nje huwa na stika ya KEBS ya bidhaa za kuingizwa. Bei ikiwa nusu ya ile ya jirani, hapo hakuna siri ya kuchunguza.

Kopo tupu lina soko, na wanaolinunua hawapandi maua. Ukishatia oili yako, toboa kopo kwa bisibisi au rarua lebo kabla hujaliacha gereji. Fundi anaweza kukununia kidogo. Msalimie vizuri na utoboe.

Kwenye gereji

Kaa hapo hapo. Kubadilisha oili ni kazi ya nusu saa, na chai ya kusubiria haikosekani Mwembe Tayari. Injini iwe vuguvugu ili oili itoke na uchafu wake. Filta ibadilishwe kila mara, hata ukiambiwa hii bado. Filta kongwe hubaki na oili chafu tumboni na kuichafua mpya dakika ile ile. Filta za Toyota za kopo la chuma namba zake huanza na 90915, za karatasi zinazoingia ndani ya kikombe huanza na 04152. Fundi apake oili kwenye mpira wa filta na aikaze kwa mkono. Akichukua spana ya mnyororo kukazia, mzuie. Atakayekuja kuifungua ni wewe au mwenzake, na mmoja wenu atalaani. Washa ya boliti ya sampu ni kitu cha bei ya kashata, ibadilishwe nayo.

Ukiona anataka kutia mafuta ya taa "kuosha injini", kataa. Mafuta ya taa hung'oa masizi kwa vipande, na vipande huenda kuziba mlango wa pampu. Injini yenye uchafu mwingi huoshwa kwa oili nzuri iliyobadilishwa mapema mara mbili mfululizo, kilomita 1,500 hivi kila mara. Chupa za dawa za kuongezea, zile za kuondoa moshi, wacha zibaki kwenye kabati la kioo zikipamba duka.

Ujazo: acha gari dakika tano hadi kumi pahali pa tambarare, kisha pima. Oili ikae kati ya alama mbili, karibu na ya juu, isiivuke. Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu halibebi beringi.

Hesabu saa, usihesabu kilomita tu

Kile kikaratasi fundi anachoandika "next service" na kukining'iniza karibu na usukani kinasema kilomita 5,000 kwa kila mtu, anayeishi Voi na anayeishi Majengo sawa. Gari la kisiwani halizeeki kwa kilomita. Baadhi ya vitabu vya Ford vya magari ya kazi huhesabu saa moja ya injini kunguruma imesimama kuwa sawa na maili 33, yaani kilomita 53 hivi. Sasa chukua mtu wa Likoni anayefanya kazi mjini. Foleni ya feri na ile ya Mwembe Tayari zinamlia saa moja na nusu kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni saa 39, zaidi ya kilomita 2,000 ambazo dashibodi haikuziona. Kwa miezi mitatu ni zaidi ya 6,000, na huenda dashibodi imesoma 2,500 tu. Anadhani bado yuko nusu ya njia, kumbe oili yake imekufa.

Kwa hiyo kwa gari la kisiwani mimi nasema kilomita 5,000 au miezi mitatu, kitakachotangulia, na ukitia sintetiki nzuri kilomita 7,000 au miezi sita. Anayeenda Nairobi kila wiki kwa barabara ndefu anaweza kufika 8,000 hadi 10,000 na sintetiki bila wasiwasi. Na ukiwa kwenye foleni ya feri, zima injini. Fungua vioo.

Mwenye gari linalokwenda safari fupi tupu afungue kifuniko cha oili mara moja kwa mwezi aangalie chini yake. Ukiona utando mweupe kama maziwa, mara nyingi ni mvuke uliokosa moto wa kuutoa. Lipeleke gari hadi Mtwapa na kurudi, likimbie, uangalie tena. Maziwa yakibaki, au yakionekana hata kwenye stiki, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo ni gasketi ya kichwa na hadithi nyingine kabisa.

Oili chafu uliyoitoa haina ruhusa ya kuingia mtaroni. Sheria ya taka ya Kenya inaihesabu kuwa taka hatari, na mitaro ya kisiwa huishia Tudor na Kilindini, wanakovuliwa samaki mnaowala. Gereji yenye pipa la kukusanyia, na mtu wa kulichukua, ndiyo gereji ya kurudi.

Usiku wa siku uliyobadilisha oili, tandika boksi lililofunguliwa chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama boksi na upime stiki. Tone moja au mawili yaliyodondoka kutoka kwenye mkono wa fundi hayana neno. Ukikuta duara la ukubwa wa kisahani, usiende kazini. Chukua hilo boksi mkononi, umrudie fundi kwa miguu, naye aje na spana yake hadi gari lilipo.